Konsolata Mwonja Udongo

Mwezi wa saba mwaka 1997, Konsolata Stanislaus alishuka kwenye treni ya TAZARA pale stesheni ya Ifakara akiwa amevaa buti. Sanduku lake lilikuwa dogo, lakini buti zilikuwa kubwa kwelikweli, za ngozi, zenye chuma mbele ya vidole. Alikuwa nazo miguuni tangu Dar es Salaam, ingawa ndani ya behewa joto lilikuwa la kuivisha mayai na ndala zake zilikuwemo sandukuni. Angefanyaje? Angezifungia buti sandukuni, watu wangejuaje kwamba aliyeshuka ni mhandisi?

Kwa kweli watu walishajua. Baba yake, mzee Stanislaus, fundi cherehani wa Kibaoni, alikuwa ameitangaza habari hiyo kwa kila aliyemletea suruali ya kupunguza. "Binti yangu yuko Chuo Kikuu, anasomea uinjinia." Mteja akitaka kujua ni uinjinia wa nini, mzee aliinamia cherehani na kukanyaga kwa nguvu mpaka swali limezwe na kelele. Jibu alilijua, ila halikumpendeza. Binti alikuwa anasomea mawe. Siku moja lilimponyoka, na mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa anasubiri koti lake akamuuliza kwa upole, "Na hayo mawe, Stanislaus, yameshafika darasa la ngapi?" Baraza zima lilicheka, na koti la mwalimu lilichelewa wiki mbili.

Konsolata mwenyewe hakuwa amepanga kusomea mawe. Alitaka udaktari, kama watoto wengi wa Ifakara waliofaulu sayansi, maana alikua akiwaona wenye makoti meupe wakipita na baiskeli kwenda hospitali. Majina ya waliochaguliwa yalipotoka akajikuta kwenye jiolojia ya uhandisi, somo ambalo alilitafuta kwanza kwenye kamusi, ndipo akalia. Alilia muhula mzima. Muhula wa pili mwalimu wao akawapeleka nje ya mji wa Morogoro, mahali barabara ilipokata kilima, akawaonyesha mwamba uliokunjana kama khanga iliyosahaulika chini ya sanduku. Akawaambia kwamba kilima kile kinateremka polepole, mwaka hadi mwaka, na barabara iko juu yake. Konsolata alikitazama kilima, akalitazama basi lililokuwa linapita, akaacha kulia. Tangu siku hiyo hakuweza kupita penye jiwe bila kuligeuza, na rafiki zake wakajifunza kutotembea naye wakiwa na haraka.

Mwaka wa tatu ndio ulimleta nyumbani. Kila mwanafunzi wa somo lile alitakiwa kwenda fildi, yaani kufanya kazi halisi kwenye kampuni halisi, na tena kulipwa. Wenzao wa masomo mengine walibaki wakisubiri bumu, posho ya serikali. Wao walipewa mshahara mwisho wa mwezi kama watu wazima. Konsolata aliomba kampuni ndogo ya Morogoro iliyokuwa imepata kazi ya kupima ardhi kwenye barabara ya kwenda Mlimba, mahali patakapojengwa madaraja na makalavati. Alifikiria kulala kwao, kula kwao, na kulipwa juu. Mwenzake wa darasa, Jeremia, alifikiria hivyohivyo. Wazazi wake ni Wasukuma waliohamia bondeni na ng'ombe wao, na boma lao lilikuwa upande wa Mlimba. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye desturi ya kufikiri kabla ya kujibu, hata akiulizwa saa ngapi.

Aliyewasimamia aliitwa Injinia Nickolaus, mtu mwembamba aliyezungumza kama vile maneno yanauzwa. Siku ya kwanza, kando ya mto Lumemo, aliwakabidhi keekee ya mkono, chuma kirefu cha kuchimbia shimo jembamba, wakaizungusha mpaka mikono ikatetemeka. Udongo ulipopanda akawauliza, "Huu utakwenda maabara, Morogoro. Majibu yatachelewa. Leo hii mtajuaje kama ni mfinyanzi au una mchanga laini ndani yake?"

Jeremia akaanza kufikiri.

Injinia hakumsubiri. Alimega kidonge, akakiweka kwenye meno ya mbele, akang'ata taratibu, akatema. "Maabara ya kwanza iko mdomoni. Ukisagika kama wali wa mchele usiochambuliwa, una mchanga. Ukiteleza kama siagi, mfinyanzi mtupu. Haya, onjeni."

Jeremia alionja mara moja, akasukutua, na baada ya hapo akajitolea kuzungusha keekee kila siku ili mradi kuonja kuwe kwa mwenzake. Konsolata naye alikubali bila kusita. Kusema kweli alikuwa na kipaji, ulimi wake haukukosea. Lakini pia alikuwa na madoido. Udongo ambao ungemalizwa kwa kung'ata mara moja yeye aliung'ata mara tatu. Aliinua kidevu, akafumba macho, akatikisa kichwa kidogo kama mpishi wa harusi anayeonja pilau. Wapita njia wakiwepo, kidevu kilipanda zaidi.

Siku moja mpita njia alikuwa Mama Sikitu.

Mama Sikitu alikuwa jirani yao wa Kibaoni, muuza mchele, mwanamke mwenye moyo mzuri na macho mazuri zaidi. Alikuwa anatoka kununua mpunga, yuko juu ya baiskeli, alipomwona binti wa Stanislaus amekaa peke yake kivulini, amefumba macho, anakula udongo. Akafunga breki. Akamwona anamega tena. Bahati mbaya akaondoka kabla ya kuona unavyotemwa.

Sasa, mwanamke anayekula udongo, kwa Ifakara nzima, ana maana moja tu. Sokoni vipande vya udongo mwekundu huuzwa kwenye visahani, jirani na ndimu, na hakuna anayemuuliza mnunuzi swali. Mama Sikitu hakumwambia mtu yeyote isipokuwa mama yake Konsolata, kama inavyompasa jirani mwema, na wateja wake wawili watatu waliokuwepo.

Mama hakutaka kuamini. Aliingia chumbani kwa binti yake kufagia, akainama, na chini ya kitanda akakuta mifuko ya nailoni imepangwa kwa mstari, kila mmoja umejaa udongo, umefungwa vizuri na kuandikwa namba. Mama alikaa kitandani.

"Kajiwekea na akiba," alimwambia mumewe jioni ile.

Basi mambo yakabadilika pale nyumbani, na Konsolata akayaona mabadiliko hayo na kuyapokea kwa furaha. Alipochukua ndoo aende bombani, ilinyang'anywa. Mezani aliwekewa maini, na mchicha uliochemshwa kwa karanga, na kikombe cha maziwa peke yake. Baba yake, aliyekuwa na kiti kimoja chenye mto, akamwachia kiti. Dada wa kanisani waliokutana naye njiani walimshika mkono muda mrefu kuliko kawaida. Hata Mama Sikitu alimletea ndimu.

"Unaona," alimwambia Jeremia kazini, "watu wetu si kwamba hawathamini elimu. Wakiona mtu anafanya kazi yenye maana, wanabadilika wenyewe."

Jeremia alilifikiria jambo hilo mpaka saa ya kula. "Kwetu," akasema hatimaye, "nikienda mwisho wa wiki bado wananituma nikakamue ng'ombe."

Mwisho wa wiki akafika shangazi Rosa, dada mkubwa wa mzee Stanislaus, kutoka Kisawasawa. Shangazi Rosa hakuwa mtu wa kusafiri bila sababu. Konsolata alipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba huku macho yake yakishuka taratibu kutoka usoni hadi kiunoni na kubaki hapo. Akamvuta wakakae jikoni, wawili tu, akafunga mlango.

"Mwanangu, mimi ni shangazi yako, usinifiche. Ni mwezi wa ngapi sasa?"

"Wa pili, shangazi," Konsolata alijibu kwa fahari. Alikuwa amekaribia kumaliza mwezi wa pili wa fildi.

"Na mwenzako anajua?"

"Jeremia? Anajua vizuri. Si tulianza pamoja!"

Shangazi Rosa alishika kifua. "Jeremia. Mtoto wa nani huyo?"

"Wa mzee Shigela, wafugaji, kule Mlimba. Mtu mzuri sana shangazi, ana nguvu. Kazi yote ngumu anafanya yeye, mimi nabaki kuonja tu."

Shangazi alijipepea kwa ncha ya khanga. Alikuwa amelea watoto saba na wajukuu wengi, lakini hakuwahi kusikia mambo yakisemwa wazi namna ile.

"Na gharama je? Nani atabeba gharama?"

"Kampuni inalipa, shangazi. Kila mwisho wa mwezi."

"Kampuni!" Shangazi Rosa alisimama, akakaa, akasimama tena. Akatoka nje kumtafuta mdogo wake.

Yaliyofuata Konsolata aliyasikia baadaye. Yeye aliambiwa wazee wanakwenda kwenye msiba. Walipanda lori la mpunga mpaka Mlimba, shangazi mbele kwa dereva, mzee Stanislaus juu ya magunia akiyarudia kichwani maneno makali aliyoyaandaa. Walifika bomani kwa mzee Shigela wakiwa wekundu kwa vumbi na hasira. Mzee Shigela, mtu wa kimo kirefu na kofia ya pama, akawapokea kwa "Mwangaluka" na mikono miwili. Akawaita watu wachinje mbuzi kabla hata hawajasema walichokijia.

Waliposema, ilikuwa zamu yake kushika kifua, ila kwa sababu nyingine. Mke wake, Minza, alipiga kigelegele, akajiziba mdomo, akapiga kingine. Kwa miaka mitatu walikuwa na wasiwasi juu ya huyu kijana wao anayeongea na mawe. Walijua anasoma, hawakujua kama atapata mke. Sasa hapa wamekuja watu wenye heshima zao, Wakatoliki, wenye nyumba ya bati mjini, kuwaambia kwamba kijana ameweza.

"Sisi hatukatai," mzee Shigela alisema. Mzee Stanislaus, aliyekuwa amejiandaa kwa mtu anayekataa, alikosa pa kuyaweka maneno yake makali. Akala mbuzi. Akarudi Kibaoni na kibuyu cha maziwa ya mgando mapajani, ameahidi kwamba Jumapili atapokea wageni.

Jumapili hiyo, baada ya misa, Konsolata aliambiwa ajiandae, wanakuja watu wakubwa. Alivaa gauni la bluu, akatafakari kidogo, akavaa na buti. Uani palikuwa pamepangwa viti. Kondoo mnene alikuwa ameshashushwa kwenye lori na kupelekwa nyuma ya nyumba. Kati ya mzee Shigela na Minza alikaa Jeremia katika shati jeupe lililombana mabega, anatoka jasho.

Konsolata alikwenda kukaa karibu naye.

"Konsolata," Jeremia alinong'ona, "wameniambia nivae shati jeupe. Kuna nini?"

"Nadhani wanatupongeza."

"Kwa lipi?"

"Kwa kazi."

Shangazi Rosa akakohoa, akawakaribisha wageni, akamwachia mzee Shigela nafasi. Mzee akavua pama. "Ndugu zangu, mimi sina maneno mengi. Kijana wetu amewahi mbele ya wazee, hilo ni kosa lake, na tutalilipia kwa ng'ombe. Lakini mtoto mwenyewe hana kosa, na sisi tunamsubiri kwa furaha."

"Mtoto gani?" Konsolata aliuliza.

Ua mzima ukamtazama tumboni.

Jeremia akaanza kufikiri. Alifikiri muda mrefu kuliko siku zote. "Hapana," akasema.

"Hapana nini?" baba yake akauliza.

"Hapana yote."

Hapo kila mtu akaongea kwa wakati mmoja. Shangazi Rosa ndiye aliyeshinda kwa sauti. "Umeniambia kwa mdomo wako kwamba ni mwezi wa pili!"

"Wa kazi, shangazi!"

"Na kwamba kampuni inalipa!"

"Mshahara!"

"Na kwamba yeye ana nguvu!"

"Za kuzungusha chuma!"

Mama yake Konsolata alisimama. Aliingia ndani, akatoka amekumbatia mifuko ya nailoni, akaiweka katikati ya ua mbele ya wageni. "Na hii, mwanangu? Sikitu kakuona kwa macho yake unakula."

Konsolata aliitazama mifuko, sampuli zake za kazini zilizokuwa zinasubiri gari la Morogoro, akamtazama Mama Sikitu aliyekuwa amekaa karibu kabisa na mlango wa kutokea. Vikamjia vyote mara moja, maini, maziwa, kiti chenye mto. Kitu kama kicheko na kitu kama kilio vilimpanda kwa pamoja, na kwa sekunde chache hakujua kipi kitatangulia. Kilitangulia kicheko. Jeremia naye akakidaka, na shati likaachia kifungo.

Alipopata pumzi akafungua mfuko wa kwanza na wa pili. "Basi mtaonja wote," akasema. "Mkimaliza mniambie kama nina mimba au nina kazi."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba Jumapili ile, mbele ya majirani waliochungulia juu ya uzio, wazee wa familia mbili walikaa kwenye viti wakiwa na vidonge vya udongo kwenye meno, wakitazamana. Shangazi Rosa alikuwa wa kwanza. "Huu unasagika," akasema kwa mashaka. Akaonja wa pili. "Huu unateleza. Ala!" Mzee Stanislaus akaona hivyohivyo, na Minza pia, na wakaanza kubadilishana mifuko. Mama alitafuna akakunja uso. "Mimi nilipokuwa na mimba yako nilikula wa kichuguu. Huu hauna ladha kabisa." Mzee Shigela akaurudisha wake kwa heshima. "Meno yangu ya mbele yalishaondoka," alisema. "Sina sifa za kujiunga na chuo chenu."

Kisha wote wakakumbuka kondoo, maana harufu ilikuwa tayari inakuja kutoka nyuma ya nyumba.

"Ameshachinjwa," mzee Shigela alisema. "Hatuwezi kumfufua, mkwe."

Neno mkwe lilitoka kwa mazoea ya wiki moja tu, lakini mzee Stanislaus hakulisahihisha. Walikula mpaka jua likalala. Wazee wawili walibishana juu ya ng'ombe wanaoingia mashambani na wakulima wanaolima njia za ng'ombe, wakapandisha sauti, wakashusha, wakaongezeana nyama.

Kesho yake asubuhi Konsolata alikuta ndoo mlangoni, tupu, inamsubiri. Maini hayakuonekana tena. Aliichukua ndoo akaenda bombani, na njiani alijikuta ana uchungu kidogo. Heshima yote ile, aliyoifurahia hivyo, haikuwa yake. Ilikuwa ya mtoto ambaye hakuwepo. Kazini siku hiyo alionja udongo mara moja moja tu, macho wazi, akatema.

Saa nne akamwona baba yake anakuja kwa miguu kando ya mto. Alikuwa amefunga cherehani siku ya Jumatatu, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua. Alisimama pembeni mikono nyuma, akatazama keekee inavyozama na udongo unavyopanda kwa rangi tofauti, mweusi, kisha wa kijivu, kisha wenye madoa ya kutu.

"Kwa nini unabadilika?" aliuliza.

Konsolata akamweleza jinsi mto ulivyokuwa unahama, ukiacha mchanga hapa na tope pale, na jinsi nguzo ya daraja ikisimama juu ya tope tupu inavyozama upande mmoja. Mzee aliuliza tena, na tena. Mwisho akaomba kujaribu. Aliizungusha keekee, na alipofika kwenye mfinyanzi ikamgandia. Akavuta, ikatoka ghafla, akaketi chini matopeni na suruali yake ya Jumapili. Injinia Nickolaus alimsaidia kuinuka. "Mzee," alisema, "kwa siku moja umefanya vizuri. Binti yako ana wiki nyingi, na sijamkuta amekosea." Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Fildi ikaisha, wakarudi Dar es Salaam. Mwisho wa mwaka mvua za El Nino zikalivaa bonde, zikang'oa vigingi vyao vya kupimia karibu vyote na vipande virefu vya barabara, na madaraja yakabaki kwenye karatasi. Konsolata alihitimu mwaka uliofuata, akaajiriwa na wachimbaji wa visima huko Singida. Jeremia akaenda kanda ya ziwa kwenye dhahabu, na mwaka 1999 akaoa nesi wa Shinyanga, msichana mcheshi anayejibu maswali yake mwenyewe kabla Jeremia hajamaliza kufikiri.

Mzee Stanislaus alialikwa harusini. Safari ilikuwa ndefu lakini alikwenda, akakalishwa meza ya wazee wa bwana harusi, ubavuni kwa mzee Shigela. Mshereheshaji, alipotambulisha wageni, alishindwa kuelewa mzee wa Kipogoro kutoka Ifakara anahusianaje na familia ile, akampa kipaza sauti ajieleze mwenyewe. Lilikuwa kosa. Mzee alianzia pale Mama Sikitu alipofunga breki na hakuruka kitu. Bibi harusi alicheka mpaka shela likalegea. Konsolata, aliyekuwa amesafiri kutoka Singida na kukaa viti vya nyuma, alizidi kuteleza chini ya meza kadiri hadithi ilivyosonga.

Hakukaa mpaka mwisho wa muziki. Alikuwa na basi la alfajiri, kwa sababu Jumatatu alitakiwa kuanza kisima kijiji kimoja cha Manyoni, safari hii yeye akiwa msimamizi, na wachimbaji aliokabidhiwa walikuwa hawajawahi kupewa amri na mwanamke. Walimzoea baada ya wiki moja. Yeye mwenyewe alichukua mbili kuzoea kutoa amri.